Tower of London kwa siku moja, mkiwa na bibi na watoto: muanze wapi?

Swali: Shikamoo. Ninaandika kutoka Mwanza. Mwezi wa saba tunakwenda London kwa dada yangu anayeishi Barking: mimi, mume wangu, watoto wawili wa miaka 9 na 12, na mama yangu mwenye miaka 71 ambaye magoti yanamsumbua. Tumetenga siku moja kwa ajili ya Tower of London. Kila nikisoma nachanganyikiwa: minara ni mingi, foleni ndefu, tiketi ghali. Tuanze wapi, tuache nini, na je, mama ataweza? Halafu mwanangu mkubwa anauliza kama almasi ya Mwadui imo humo.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na mama, maana ratiba yenu nzima itategemea magoti yake. Ataweza, na atafurahi, ilimradi msitake apande kila mahali. Tower of London si mnara mmoja wa kupanda hadi kileleni kisha mkashuka. Ni ngome ya kifalme kando ya mto Thames, yenye kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na minara ishirini hivi, pamoja na nyua, makanisa, maghala ya silaha na nyumba ambazo watu wanaishi mpaka leo. Aliyeianzisha ni William Mshindi, mtawala wa Normandy huko Ufaransa, aliyeitwaa Uingereza mwaka 1066 na kutaka wakazi wa London wamwogope kila wanapoinua macho.

Wageni wengi huingia langoni, hufungua ramani na kwenda mnara kwa mnara kwa mpangilio walioukuta. Ikifika saa sita mchana miguu imekwisha, na ndipo wanakutana na foleni ndefu kuliko zote, ile ya kuona mataji ya wafalme. Ninyi fanyeni kinyume. Muwe langoni kabla halijafunguliwa, na mkishaingia, msisimame popote. Nendeni moja kwa moja mpaka Waterloo Block, lile jengo refu lililo ng'ambo ya uwanja wa ndani, ambamo vito vya kifalme vinakaa. Asubuhi mtaingia bila kusukumana. Saa tano mtaikuta foleni imeshatoka nje, na wakati huo ninyi mtakuwa mmekaa kwenye benchi mnakula ndizi.

Kwa mama, sehemu hii ndiyo rahisi kuliko zote. Njia ya ndani ni tambarare kwa sehemu kubwa, na mbele ya mataji yenyewe sakafu inatembea: unasimama, inakupitisha taratibu. Watu wakiwa wachache mnaweza kuzunguka nyuma na kupita tena, na asubuhi walinzi hawana neno. Picha haziruhusiwi humo, kwa hiyo waambieni watoto mapema waweke simu mfukoni na watumie macho.

Waambieni pia watazame nini, kwa sababu ndani mna zaidi ya vito 23,000, na asiyejua atapita kama anayepita mbele ya dirisha la sonara. Taji zito la dhahabu tupu lenye kofia ya zambarau ni la Mtakatifu Edward. Lina uzito wa zaidi ya kilo 2 na huvaliwa siku ya kutawazwa tu. Mfalme Charles wa Tatu alilivaa tarehe 6 Mei 2023. Lilitengenezwa mwaka 1661, kwa kuwa mataji ya zamani yaliyeyushwa baada ya Waingereza kumkata kichwa mfalme wao mwaka 1649 na kutangaza jamhuri. Kijiko kidogo cha fedha kilichopakwa dhahabu, ambacho wengi hukipita bila kukiona, ni cha karne ya 12. Ni miongoni mwa vitu vichache mno vilivyosalimika.

Halafu itafuteni fimbo ya kifalme yenye almasi kubwa kichwani. Hapo simameni. Jiwe hilo lina karati 530 (karati ni kipimo cha uzito wa vito), na limetoka Afrika. Tarehe 26 Januari 1905, katika mgodi wa Premier karibu na Pretoria, lilichimbwa jiwe la karati 3,106, zaidi ya gramu 600, likaitwa Cullinan kwa jina la mwenye mgodi. Vita vya Waingereza na Makaburu vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu kabla yake. Mwaka 1907 serikali ya Transvaal, koloni la Waingereza lenye mgodi huo, ililinunua kwa pauni 150,000 ikampa Mfalme Edward wa Saba kwa siku yake ya kuzaliwa. Watoto hupenda zaidi habari ya safari yake: wapelelezi waliwekwa kwenye meli wakilinda jiwe la bandia, na lile la kweli likasafirishwa kwa posta ya kawaida iliyosajiliwa. Mwaka 1908 lilipasuliwa Amsterdam na Joseph Asscher, yakapatikana mawe makubwa tisa na madogo 96. La kwanza liko kwenye fimbo hiyo. La pili, la karati 317, liko mbele ya taji ambalo mfalme huvaa anapofungua Bunge.

Wachimbaji Waafrika walioshuka mgodini hawakuulizwa lolote kuhusu zawadi hiyo. Baada ya kifo cha Malkia Elizabeth mwaka 2022, kuna Waafrika Kusini waliodai jiwe lirudishwe, na mimi nawaunga mkono walau katika jambo moja: asiondoke mtoto wa Kiafrika mbele ya kioo kile bila kuambiwa limefikaje pale. Maonyesho yalipangwa upya mwaka 2023, na maelezo ya ukutani sasa yanagusa historia ya aina hii zaidi kuliko zamani. Msome pia habari za almasi ya Koh-i-Noor, iliyo kwenye taji la mama yake Malkia Elizabeth. Waingereza waliichukua kutoka Punjab, huko Bara Hindi, mwaka 1849, na mtawala aliyetia saini mkataba wa kuitoa, Duleep Singh, alikuwa mtoto wa miaka 10.

Sasa almasi ya Mwadui. Mwambie kijana wako kwamba haimo, na kwamba ameuliza swali zuri. Jiwe la waridi la karati 54.5 lilichimbwa Mwadui mwaka 1947, katika mgodi wa John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth, ambaye alikuwa anaolewa mwaka huohuo. Lilichongwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Elizabeth aliivaa mara nyingi maishani mwake. Lakini ilikuwa mali yake binafsi, haikuingizwa kwenye vito vya taji vinavyoonyeshwa Tower. Mtu wa Shinyanga au Mwanza anayetarajia kuikuta pale ataitafuta bure.

Mkitoka kwenye vito, mpeni mama nafasi akae. Mabenchi yapo, na ua wa ndani una nyasi na kivuli. Hapo ndipo mtakapowaona kunguru, weusi tii na wakubwa kuliko kunguru wetu wa mjini. Wanafugwa, hawapungui sita, kwa sababu ya imani iliyoenea kwamba siku wakiondoka ufalme utaanguka. Watoto wasiwaguse wala kuwalisha. Wana midomo mikali, na wanauma kweli.

Kisha kuna ziara ya Beefeaters, wale walinzi wenye makoti mapana na kofia nyeusi. Ziara imo ndani ya bei ya tiketi, huanzia karibu na lango kuu kila baada ya muda mfupi, na huchukua kama saa nzima. Msidhani hawa ni waigizaji waliovalishwa. Kila mmoja ametumikia jeshi kwa miaka isiyopungua 22 na kuacha rekodi safi, na wanaishi humohumo ngomeni na familia zao. Mwanamke wa kwanza kupokelewa kati yao aliingia mwaka 2007. Wanasimulia kwa sauti kubwa, na kwa Kiingereza chenye mizaha mingi. Mama asipokifuata vizuri, mmoja wenu awe anamtafsiria pembeni. Ziara inatembea na kusimama, kusimama na kutembea, juu ya mawe yasiyo sawa, na kwa goti bovu kusimama kunachosha kuliko kutembea. Hakuna ubaya wowote kutoka katikati. Wakati huo mume wako abaki na watoto, wewe na mama mrudi kwenye benchi.

Baada ya ziara, gawanyikeni. Jengo kubwa la katikati, linaloitwa White Tower, ndilo mnara wa kwanza, ulioanza kujengwa miaka ya 1070 chini ya usimamizi wa Gundulf, askofu wa Rochester, kwa mawe mengine yaliyoletwa kwa majahazi kutoka Caen, Ufaransa. Kimo chake ni mita 27 na baadhi ya kuta zina unene wa zaidi ya mita 4. Mnaingia kwa ngazi za nje, na ndani kuna ngazi nyembamba za kuzunguka. Mama asipande. Nasema hivi bila kusitasita, kwa kuwa ukishaanza kupanda hapo, watu wako nyuma yako na kugeuka ni taabu. Vigari vya watoto navyo huachwa nje.

Watoto wapande na baba yao. Humo mna deraya, yaani mavazi ya chuma ya vitani, za Mfalme Henry wa Nane, nyingine ya ujana wake alipokuwa mwembamba na nyingine ya utu uzima alipokwisha kunenepa, na watoto hucheka wakizilinganisha. Kuna farasi wa mbao waliopangwa kama msafara wa wafalme, maonyesho yaliyoanza zaidi ya miaka 300 iliyopita. Kuna kanisa dogo la Mtakatifu Yohana lenye nguzo nene, na kwa macho yangu ndicho chumba kizuri kuliko vyote katika ngome nzima. Halafu wasimulieni habari ya Ranulf Flambard, askofu aliyefungwa hapa mwaka 1100, mfungwa wa kwanza anayejulikana. Mwaka uliofuata rafiki zake walimpelekea pipa la mvinyo lenye kamba ndani. Aliwanywesha walinzi mpaka wakalewa, akafunga kamba dirishani, akashuka na kutoroka. Mfungwa wa kwanza ndiye pia mtoro wa kwanza.

Wakati huo mama atakuwa na lake la kuona pale chini. Katika sehemu mbalimbali za ngome mmewekwa sanamu za wanyama zilizosukwa kwa waya: simba karibu na langoni, nyani, dubu, na kichwa cha tembo. Si pambo tu. Kwa zaidi ya miaka 600 wafalme wa Uingereza walifuga humu wanyama waliozawadiwa. Mwaka 1252 mfalme wa Norway alileta dubu mweupe, akawa anashushwa mtoni akiwa amefungwa kamba ndefu avue samaki. Mwaka 1255 mfalme wa Ufaransa alileta tembo, na London nzima ikatoka kumtazama. Alijengewa banda lake, lakini hakumaliza hata miaka mitatu. Simba nao walikaa katika vyumba vya mawe visivyo na jua. Mifupa ya baadhi yao ilifukuliwa kwenye handaki la ngome karne iliyopita. Wanyama wa mwisho waliondolewa mwaka 1835, wengi wakapelekwa bustani ya wanyama ya Regent's Park. Kwa watoto wanaotoka karibu na Serengeti, hapa pana mazungumzo marefu.

Suala la vifo na mateso mtaamua wenyewe kiasi gani watoto wasikie, lakini mjue kwamba walinzi hawafichi. Waliokatwa vichwa ndani ya kuta ni wachache, watu wa daraja la juu waliopewa faragha: Anne Boleyn, mke wa pili wa Henry wa Nane, aliuawa tarehe 19 Mei 1536 kwa upanga wa mtu aliyeletwa makusudi kutoka ng'ambo ya bahari; Jane Grey, aliyeitwa malkia kwa siku tisa tu, aliuawa mwaka 1554 akiwa bado kijana mdogo. Wengine zaidi ya mia waliuawa nje, kwenye kilima cha Tower Hill, mbele ya umati. Mahali pa jukwaa pamewekwa alama katika bustani ya Trinity Square, hatua chache kutoka stesheni ya Tower Hill.

Habari itakayowagusa wanao zaidi ni ya wavulana wawili. Mwaka 1483, Edward wa Tano, mfalme mwenye miaka 12, na mdogo wake Richard, mwenye miaka 9, waliletwa hapa na baba yao mdogo, aliyejitangaza mfalme. Walionekana wakicheza uani, kisha hawakuonekana tena. Mwaka 1674 mafundi walifukua mifupa ya watoto wawili chini ya ngazi pale White Tower, ikazikwa katika kanisa la Westminster Abbey. Umri wao ni sawasawa na wa wanao, kwa hiyo wasimulieni nyumbani kabla hamjafika, kwa utaratibu, wasije wakaisikia ghafla katikati ya umati.

Ukipata nusu saa wewe mwenyewe, panda Beauchamp Tower usome maandishi ambayo wafungwa walichonga ukutani. Ngazi ni nyembamba, lakini si nyingi. Mkumbuke pia mfungwa mmoja anayetuhusu sisi wa Afrika. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza huko Kongo, ndiye aliyeandika ripoti ya mwaka 1904 iliyoanika ukatili wa utawala wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji: watu waliokatwa mikono, vijiji vilivyochomwa kwa sababu ya utomvu wa mpira. Serikali ilimpa heshima ya kuitwa Sir. Mwaka 1916 alikamatwa kwa kutafuta silaha za Ujerumani ili kuikomboa Ireland, akafungwa hapa Tower, akahukumiwa kwa uhaini na kunyongwa katika gereza la Pentonville. Ninaposimama uani pale, yeye ndiye ninayemfikiria kuliko wafalme wote.

Yapo mambo ya kuacha. Njia ya juu ya kuta ni nzuri, lakini ina ngazi za kupanda na kushuka tena na tena. Watoto wakiwa na nguvu waende, vinginevyo hamjapoteza kikubwa. Maonyesho madogo ya jeshi na ya kiwanda cha sarafu yapiteni tu. Sherehe ya Funguo, ambayo walinzi hufunga malango kila usiku saa nne kasoro dakika saba, kama walivyofanya kwa karne nyingi, ina tiketi yake ya pembeni, ya bei ndogo, na huisha haraka mno. Ni usiku, mnasimama muda wote, na watoto watakuwa wamechoka. Kwa safari hii, iacheni. Daraja la Tower Bridge lililo jirani, lile la minara miwili lililofunguliwa mwaka 1894, mnaweza kulivuka kwa miguu bure. Picha nzuri ya ngome mtaipata mkiwa upande wa pili wa mto, bila kulipa chochote.

Chakula chukueni cha nyumbani. Inaruhusiwa, mabenchi yapo, na mkahawa wa ndani utawatoza pesa ambayo afadhali mnunulie watoto zawadi. Mabegi hukaguliwa langoni, na mizigo mikubwa hairuhusiwi wala hakuna pa kuiacha, kwa hiyo msije na masanduku. Viatu viwe vya raba, maana mawe ya njia yakilowa huteleza, na mvua ya London haijali kwamba ni mwezi wa saba. Kila mtu na koti lake.

Usafiri kwenu ni mwepesi, kwa sababu Barking iko kwenye reli ya District. Pandeni treni inayoelekea mjini, mshuke Tower Hill, bila kubadilisha. Watu wazima wagusishe kadi ya benki au ya Oyster, yaani kadi ya nauli ya London. Mtoto wa miaka 9 anasafiri bure akiwa nanyi. Wa miaka 12 mkatieni Oyster na muombe mhudumu wa stesheni aiwekee punguzo la wageni vijana, ni nusu ya nauli kwa siku 14. Mkitoka stesheni, kabla ya kuteremka ngomeni, mtaona kipande cha ukuta wa Warumi kilichobaki, na hapo pia ni bure.

Mkirudi jioni, reli ileile inapita Aldgate East na Whitechapel. Shukeni hapo kama mnataka kusali na kula: msikiti wa East London uko barabarani, katikati ya stesheni hizo mbili, na mtaa mzima umejaa hoteli za chakula cha halali, kwa bei ambazo hamtazipata karibu na Tower.

Kuhusu siku yenyewe, chagueni kati ya Jumanne na Alhamisi, na iwe nusu ya kwanza ya Julai. Shule za Uingereza hufungwa katika wiki za mwisho za mwezi huo, na kuanzia hapo ngome hujaa mpaka Septemba. Siku za kati ya wiki lango hufunguliwa kwa kawaida saa tatu asubuhi. Jumapili na Jumatatu ni saa nne. Mtu mzima hulipa kati ya pauni 30 na 40, mtoto nusu yake. Ni ghali, kwa sababu shirika la Historic Royal Palaces linaloitunza ngome linajiendesha bila ruzuku ya serikali. Tiketi mnunue kwenye tovuti ya shirika hilo wenyewe, si kwa madalali wanaoongeza cha juu. Mama akiwa na uthibitisho wa ulemavu, hata barua ya daktari, waandikieni muulize kabla ya kulipa, maana msaidizi wa mgeni mwenye ulemavu huingia bure, na huyo msaidizi anaweza kuwa wewe.